Vipande Vilivyobaki kwa Jeneza

Mimi ni fundi wa mbao. Natengeneza vitanda, viti vya hoteli, meza za kuuzia mboga, na majeneza. Nikianza na majeneza watu hubadilisha mazungumzo, kwa hiyo siku zote naanza na vitanda. Hata siku ile mama wa yule mtoto aliponiuliza zile mbao ni za nini, nilianza na vitanda nikaishia hapo hapo. Habari yenyewe ni hiyo. Mengine yote ni njia ya kufika huko, na njia yangu mimi huwa na kona nyingi, mnivumilie.

Kibanda changu cha kazi kiko Kawangware, chini kidogo ya steji ya matatu ya 46, katikati ya mama wa mitumba na kijana wa kuchomelea mageti. Lakini nyumba ninayolala iko Kibera, Kambi Muru. Watu huniuliza kwa nini nisihamie karibu na kazi, mzee mwenye magoti kama yangu. Nawaambia nilikuja Kambi Muru na kaka yangu tukiwa vijana, tumetoka Magharibi na begi moja la nguo za watu wawili, yeye akafa hapo, na mjane wake yuko hapo. Nihame nimwachie nani? Kwetu mke wa kaka ni mulamwa, na yeye ananiita mulamwa vilevile. Tunaheshimiana. Sikalii kitanda chake, na akitaka kunisema hunisema mlangoni, kila mtu na upande wake.

Mulamwa ana nasari. Usije ukafikiria nasari yenye geti na bembea. Ni chumba kimoja cha mabati, mkeka, sufuria ya uji, na watoto kumi na kitu ambao mama zao wametoka asubuhi kufulia watu nguo au kukaanga samaki. Masomo yalikuwa ni kuimba. Wale watoto walikuwa wanaimba moja hadi ishirini bila kukosa hata namba moja. Siku moja nilikuwa narekebisha mlango wa mulamwa, nikamwambia kamoja, niletee misumari mitatu. Kakaniletea konzi nzima, mikono miwili imejaa, huku kanaimba moja, mbili, tatu.

Sikukacheka. Shule mimi nilitoka darasa la tatu, na nilipotoka nilikuwa naimba hivyo hivyo. Hesabu nilikuja kujifunza nikiwa na ndevu, kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa anatengeneza viti vya kanisa. Ukikata mguu mfupi hakuambii ni mfupi. Anakukalisha kwenye hicho kiti mchana kutwa, uyumbe. Nilijua nusu ni nini kwa kuyumba.

Basi, mwaka juzi akaja mwalimu mmoja, msichana mdogo wa miwani, anazunguka nasari za mtaani kuwafunza walimu. Alikuja na mfuko wa vipande vya mbao vilivyokatwa kwa kipimo. Akavimwaga mkekani, wala hakuwaambia watoto waimbe. Aliwaacha wajenge. Nilikuwa nimeegemea mlango na chai yangu, nikamsikia akimwambia mulamwa, “Angalia, ticha. Huyu anajenga ukuta. Kipande kirefu kimekwisha, ameweka vifupi viwili mahali pake. Hakuna mtu amemfundisha. Na huyu mwingine lazima aongee, maana mwenzake anataka kumbomolea.”

Jioni mwalimu akafunga mfuko wake akaenda nao, ulikuwa wa kuonyesha tu. Watoto walilia kama wamenyang'anywa chakula.

Mulamwa akasimama mlangoni kwangu. “Mulamwa, wewe si fundi?”

“Ndiyo, mulamwa.”

“Zile si ni mbao tu?”

“Ni mbao tu.”

“Sasa unangoja niite fundi mwingine?”

Hapo ndipo nilipoingia makosani, na niliingia macho wazi. Kitanda cha watu wa kwetu hutengenezwa kwa mbao za mkaratusi, mbao za hasira, zimejaa vibanzi. Ukimpa mtoto kipande cha hiyo utashinda ukimtoa miiba vidoleni. Lakini jeneza ni kitu kingine. Mtu aliyelala maisha yake yote juu ya mbao za kupasuliwa, siku ya mwisho jamaa zake wanataka mbao laini. Jeneza langu nalitoa kwa saiprasi, napiga randa pande zote, napiga msasa, ukipitisha kiganja unasikia kama unga. Na jeneza lina mabega. Linapanuka kifuani, linabana miguuni, kwa hiyo huwezi kulitengeneza bila kukata vipande: vya mraba, vya mshazari, vingine kama kabari. Vinaanguka chini ya meza vikiwa vimeshalainishwa tayari.

Fundi wangu wa zamani alikuwa haachi hata kimoja. Alivikusanya vyote na kuvilaza chini ya kitambaa, ndani ya jeneza, maiti aende na vyake. Alisema mabaki ya jeneza yakiingia kwenye nyumba, nyumba inazoea. Sikumwuliza inazoea nini. Nilimfuata miaka mingi, halafu mbao zikawa adimu, na mimi nikaanza kuchemshia chai na vile vipande, wala sikuona lolote. Kaka yangu alikufa, lakini kaka yangu alikuwa na kifua tangu zamani.

Kwa hiyo nilileta gunia. Nilikata kila kitu upya kwa kipimo: kidogo, kidogo mara mbili, kidogo mara nne, na kabari zikawa paa. Nilipiga msasa kila pembe. Ukiniuliza kazi gani katika maisha yangu niliifanya vizuri, siwezi kukuonyesha kitanda.

Kulikuwa na mtoto mmoja pale, msichana, miaka minne inakaribia mitano, mama yake mtu wa Ziwa, muuza samaki. Yule mtoto alikuwa haongei. Kusikia alikuwa anasikia. Ukifungua mfuko wa biskuti nyuma yake alikuwa anageuka. Ila neno halikuwa linatoka. Wenzake walimwita Kimya, na aliitika kwa jina hilo, yaani aliangalia. Mama yake alikuwa ameshaambiwa na watu wa ukoo ampeleke nyumbani kwa bibi, mjini hapa anapoteza wakati, na mwezi wa kwanza wenzake wakienda shule ya kweli yeye atakuwa kichekesho. Mama akaomba apewe hadi mwisho wa mwaka. Mtoto akiongea, atabaki. Asipoongea, ataenda akakae na kuku. Hivyo ndivyo alivyoniambia, “akakae na kuku,” na akacheka, lakini macho hayakucheka.

Siku za mvua kazi haiendi, kwa hiyo nilikuwa nakaa nasari na watoto. Yule mtoto alichagua kukaa na mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa simwulizi kitu. Alikuwa anajenga ukuta mmoja wa vipande virefu na mwingine wa vifupi, halafu anainama jicho lake likiwa sawa na mkeka kuona kama zimelingana. Ninavyofanya mimi. Kumbe alikuwa ananitazama nikipanga miguu ya kiti. Na mimi nina tabia, nikipima naongea peke yangu. Nasema, bado. Nasema, bado. Ikifika nasema, imetosha. Sijijui hata nikisema.

Asubuhi moja alikuwa ameweka kirefu kimoja, pembeni yake anapanga vidogo. Kimoja. Akainama. Viwili. Akainama. Mulamwa alikuwa anakoroga uji. Nikasikia sauti nyembamba, imekwaruza kama mlango usiofunguliwa: “Bado.”

Mulamwa akaacha mwiko ndani ya sufuria. Mtoto akaweka cha tatu. “Bado.” Akaweka cha nne, akapitisha kidole juu ya kile kirefu hadi kwenye vile vifupi, kidole hakikukwama popote. “Imetosha,” akasema, na akavibomoa.

Baada ya hapo yalikuja maneno mengine, polepole, na yote yalikuwa maneno ya kazi. Lete. Ingine. Hapana hii. Ndefu. Aliongea kama fundi mzee mwenye njaa. Wenzake wakawa wanamletea vipande anavyoagiza, na wakikosea anawafukuza. Wakaacha kumwita Kimya.

Mama yake alipokuja kumchukua akasikia, aliketi chini palepale na beseni lake la samaki. Alimwambia mtoto kwa Kijaluo jambo ambalo sikulielewa. Halafu akaokota kipande kimoja, akakipitisha shavuni.

“Mzee,” akaniambia, “hizi mbao laini hivi ni za nini?”

Wakati ule nilikuwa na nafasi, na ilikuwa ndefu, si kwamba nilikimbizwa. Mulamwa aliniangalia. Yeye alikuwa anajua. Watoto walikuwa wanajenga.

“Ni za vitanda, mama,” nikasema.

“Vitanda vya watu wakubwa?”

“Vya watu wakubwa.”

“Basi hao watu wanalala vizuri. Si unipatie mbili hivi acheze nazo kwa nyumba?”

Nikampa. Nilimchagulia nzuri, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Angalia mtu alivyo: nilijiona mwema.

Nilijua watu wa Ziwa wana mambo yao na maiti, na watu wa kwetu tuna yetu, na yanafanana kuliko tunavyokubali. Tunaishi mjini lakini hakuna anayezikwa mjini kama ana kwao. Ndiyo maana nina kazi. Nilijua pia kwamba mulamwa hakupenda. Usiku ule hakuniletea chakula. Kesho yake alinisema mlangoni, neno moja tu: “Ungesema.” Nikamwambia nitasema baadaye, mtoto akishazoea kuongea.

Baadaye ilikuja yenyewe. Yule mama alikuwa na dada mkubwa, mgonjwa, anakaa Kabiro, huko huko Kawangware. Ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, yeye mwenyewe alikuwa ameniambia hivyo kabla hata ya kuchukua vile vipande. Nasema hili ili lijulikane, ingawa halinisaidii. Dada akafariki. Na wanaume wawili wa ukoo wakatafuta fundi wa karibu, wakaelekezwa kibanda changu. Walikuja na uzi wa urefu wa marehemu, umefungwa fundo kichwani na fundo miguuni, na nyuma yao akaja yule mama na leso kichwani. Aliponiona akafurahi kidogo, jinsi mtu wa msiba anavyofurahi kuona uso anaoujua.

“Ni mzee wetu,” akawaambia wanaume. “Huyu ndiye aliyemfungua mtoto mdomo.”

Nilimpa kiti. Nilianza kazi, nikiomba moyoni aende akanywe chai. Hakwenda. Nikapima, nikakata ubavu wa kwanza, nikafika begani. Ile kabari ikaanguka chini. Na mguu wangu, mguu huu, bila mimi kuutuma, ukaisukuma kuelekea kwenye gunia. Ni mazoea ya miezi. Ukaisukuma kama unavyomsukumia paka mfupa.

Aliinuka. Akaiokota ile kabari, akaitia puani, akaangalia ndani ya gunia.

“Fundi,” akasema. Si mzee tena. “Hii ni ile.”

Mimi nikasema jambo baya zaidi ambalo ningeweza kusema. Nikasema, “Mama, mbao ni mbao.”

Mmoja wa wale wanaume akauliza kuna nini, akaelezwa kwa lugha yao. Akanigeukia. “Wee mzee, uko na akili timamu? Unachezesha watoto na vitu vya maiti?”

“Ni mabaki tu, ndugu yangu.”

“Mabaki ya nani? Jina lake ni nani? Sema jina la mwenye hiki!” Akakishika kipande kimoja kutoka kwenye gunia, akanisogezea usoni.

Sikuwa na jina. Vilikuwa vya watu wengi, vimechanganyika.

Walitaka kwenda kwa fundi mwingine, lakini mwili ulikuwa unangoja na gari limeshaagizwa, kwa hiyo nililimaliza jeneza huku wamesimama juu yangu. Kila kipande kilichoanguka, hata vumbi la msumeno, yule mama alikiweka chini ya kitambaa kwa mkono wake. Asubuhi walipokuja kulichukua alikuwa na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake vilikuwamo vile viwili nilivyompa, kirefu na kifupi. Akavitia ndani pia. Havikuwa vya dada yake, vilikuwa vya watu wengine kabisa. Sikuthubutu kumwambia.

Habari kama hiyo Kambi Muru haihitaji miguu. Kufikia Jumatatu nasari ilikuwa na watoto wawili, na hao mama zao walikuwa hawajasikia. Mulamwa hakunilaumu mbele za watu. Aliita kina mama, akamwaga vile vipande vyote nje, kwenye njia ya maji, akavichoma wakitazama. Saiprasi inawaka vizuri, na harufu yake ni nzuri. Mama mmoja alisema, “Hata moshi msiuvute, rudini nyuma,” na wote wakarudi nyuma, na mimi nikarudi nyuma nao. Watoto wakarudi mmoja mmoja wiki hiyo na iliyofuata. Wakarudia kuimba moja hadi ishirini.

Yule msichana hakurudi. Mama yake alikuwa amehamia Kabiro, kwenye chumba cha marehemu, kuwalea watoto watatu alioacha. Kutoka kibanda changu ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Nilipita ule mlango siku kadhaa bila kusimama. Ukiwa mzee unajifunza kupita milango. Siku niliyosimama, yule mama alikuwa nje anaparua samaki.

Hakunifukuza. Alinionyesha ndoo niikalie.

“Mtoto anaendeleaje?” nikamwuliza.

“Ako.”

“Anaongea?”

Akaparua samaki mzima kabla ya kunijibu. “Aliendelea kama wiki moja. Alikuwa anatafuta zile mbili. Anainua godoro, anasema lete. Lete. Sasa nitamletea nini? Halafu akaacha kutafuta.”

Ndani niliona watoto watatu wanavutana nguo kwa kelele, na nyuma yao, kwenye pembe, yule msichana amekaa. Aliniona. Niliinua mkono. Aliangalia, kama zamani walipokuwa wanamwita Kimya.

Nikamwomba mama msamaha. Nilikuwa nimeyatengeneza yale maneno njiani, mazuri, ya kuhusu umaskini na mbao kuwa adimu. Akanikatiza.

“Mzee, mimi si mshamba. Ungeniambia siku ile, mzee, hizi ni za jeneza, ningeshtuka, ndiyo. Halafu ningezipeleka kwa mchungaji, aziombee, na mtoto angecheza. Kwani kanisani hatuketi na majeneza? Mimi nilikuwa tayari kufanya kitu chochote. Lakini nilikuuliza nikikutazama, na wewe ukaniangalia ukaniambia vitanda. Sasa hata ukiniletea za dhahabu nitajuaje zimetoka wapi?”

Nikamwambia nitakata vipya, mbao mpya kutoka duka la mbao, aje achague yeye mwenyewe, akae hapo nikikata, aone kila kitu kinaanguka wapi. Alifuta kisu kwenye leso.

“Nitafikiria,” akasema. “Mwaka haujaisha.”

Niliuweka moyo wangu wote kwenye lile neno, nitafikiria. Nilinunua ubao mmoja wa saiprasi mbichi, nikausimamisha nyuma ya kibanda ukauke, na kila mtu aliyeuliza nikamwambia umeshachukuliwa. Sikurudi kumharakisha. Nilisema, akiwa tayari atakuja, kibanda anakijua. Huo pia naona sasa ulikuwa uoga, umevaa nguo za heshima.

Ikapita Krismasi, na mwezi wa kwanza ukaingia, na wale wa nasari waliofika umri wakavalishwa sweta za shule, kubwa, za kukulia. Ndipo nikaenda Kabiro. Mlangoni palikuwa na pazia jingine. Kijana mmoja alikuwa amekaa kizingitini anakula mandazi, na jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo, anaanika nguo.

“Wale wa hapa walienda wapi?” nikauliza.

“Yule mama wa samaki? Walienda ushago, kwao Ziwa, na mizigo yote,” akasema jirani. “Bibi alikuja kuwachukua watoto.”

“Wote wanne?”

“Watatu, mzee.”

“Wanne. Watatu wa marehemu na mmoja wake. Msichana mdogo.”

Akashika shati lililolowa mikononi, akafikiria kwa uaminifu kabisa, akageuka akaangalia ukuta wa mabati uliokuwa kati ya chumba chake na kile. Ukuta ambao hata mtu akikohoa upande wa pili unamwambia pole.

“Mimi nimekaa hapa nao miezi yote hiyo,” akasema. “Walikuwa watatu. Watatu tu ndio tulikuwa tunawasikia.”